UZI: Maisha ya kitalu cha mimea adimu Tanga, na kwa nini sinunui mmea uliochimbwa msituni

Mleta uzi (Pongwe, Tanga):

Wadau, habari za wakati huu. Kuna swali linanifuata kwenye simu na hata getini: "Mama, mimea hii unaitoa wapi? Na mimi nikipanda milima ya Amani nikachimba mimea msituni, utaninunulia bei gani?" Nimeamua kulijibu hapa kwa kirefu, maana jibu lake ndiyo historia ya kazi yangu yote.

Sinunui mmea uliochimbwa, hata uletwe usiku kwa bei ya kutupa. Kitalu cha mimea adimu kinaishi kwa mimea mama michache inayotunzwa vizuri. Kila mche unaouona getini kwangu umetoka kwenye mbegu, jani au tawi la mama hao. Anayechimba anauza mara moja, basi. Mimi mama mmoja ananilisha miaka na miaka, na kule msituni ndugu zake wapo palepale wanazaana.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza. Marehemu baba alikuwa kibarua wa bustani kule Amani, kazi yake kufyeka, kukusanya mbegu na kuzisia. Kwa wasioijua, Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama kituo cha utafiti wa mimea na kilimo. Walileta miti kutoka pembe zote za dunia kuijaribu, na mingi bado imesimama mpaka leo kando ya njia. Waingereza walipochukua nchi waliendelea na utafiti palepale. Huko ndiko mihogo yetu ilikochanganywa na mti wa mpira wa porini, Manihot glaziovii, ili ipate nguvu ya kupambana na ugonjwa wa batobato. Damu ya mihogo ile ya Amani ilifika hadi Nigeria na kuzaa aina zinazoliwa huko mpaka leo. Baba alikuwa akitusimulia haya kwa fahari kubwa. Alisema kama mtu asingekuwa ameutunza ule mti wa mpira usio na kazi shambani, watu wangekosa ugali.

Mimi nilianzia kwenye kitalu cha mkonge, kibarua wa kupanga vikonyo, yaani miche michanga ya mkonge, kwenye matuta. Ni kazi ya kuinama kutwa nzima, lakini ndiyo iliyonifundisha jicho: ukitazama tuta unajua kikonyo kipi kitakua na kipi kitadumaa. Na hapo mkongwe mmoja wa shamba akanipa historia ambayo kila mtu wa Tanga anapaswa kuijua. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vilizunguka kwa meli kupitia Hamburg, na vilipofika huku vilivyokuwa hai ni 62 tu. Hao 62 ndio mama wa mashamba yote yaliyofuata, reli, bandari, majumba ya Tanga mjini na mishahara ya babu zetu. Mji mzima umetoka kwenye kitalu kidogo cha mimea iliyonusurika. Tangu siku ile sijawahi kumdharau mtu mwenye mche mmoja mkononi.

Nilipoolewa tukapata kiwanja Pongwe. Nikaanza kama wengine: michungwa ya kubebesha, minazi, miembe, mikarafuu kidogo. Mimea adimu ilikuja pole pole kwa njia ya baba. Alipostaafu alishuka na makopo yake ya maua, na kati ya hayo kulikuwa na ua la zambarau la majani yenye manyoya. Wageni waliokuwa wakipita kwenda Amani wakaanza kusimama kuliuliza. Nitaendelea hapo chini, nimeitwa na mteja.

---

Mdau wa Korogwe:

Shikamoo mama. Nimeweka kambi hapa. Hilo ua la manyoya ndilo lile la Usambara? Mimi nimejaribu kuliotesha mara kwa mara, linaoza tu.

---

Mleta uzi:

Marahaba mwanangu. Ndilo lenyewe. Vitabuni linajulikana kama Saintpaulia, ingawa tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza kwenye jamii ya Streptocarpus. Lilichukuliwa huku Tanga mwaka 1892 na mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire. Alimpelekea baba yake Ujerumani, likafika kwa Hermann Wendland kwenye bustani za Herrenhausen, Hannover, naye akaliandika rasmi mwaka 1893. Miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kikaagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikazisia, kikachagua aina 10 bora tu, na hizo 10 zikawa msingi wa biashara kubwa ya Marekani. Leo ua hili limekaa madirishani duniani kote. Huku kwetu ukimwuliza kijana wa Chumbageni, hajawahi kuliona.

Sasa kuoza. Kwao ni kwenye miamba, chini ya kivuli cha miti, pembeni ya vijito, na huku chini kwenye miamba ya chokaa. Linakaa kwenye ufa wa jiwe penye kiganja kimoja cha mboji, na maji yanapita bila kutuama. Ukilipa udongo wa shamba kwenye kopo lisilo na tundu, umeliua.

Chukua jani la katikati. La nje kabisa limezeeka, la ndani kabisa bado changa. Likate na kikonyo chake, ukiacha urefu wa kama sentimita tatu, ukate kwa mshazari kwa wembe safi. Liache kivulini jeraha likauke kidogo. Kisha lichomeke kwenye mchanga wa mtoni uliooshwa na kuchanganywa na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Kikonyo kizame, jani lenyewe lisiguse chini. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako na uweke mahali penye mwanga usio wa jua kali. Maji mwagia pembeni, usilowanishe jani, na yasiwe ya baridi kutoka kwenye friji maana yanaacha madoa. Kwa joto letu la Pongwe, baada ya miezi miwili hadi mitatu utaona vijani vidogo vidogo vimechomoza kwenye kitako cha kikonyo, vina manyoya tayari, kila kimoja ni mche. Subiri vifikie ukubwa wa ukucha wa kidole gumba ndipo uvitenganishe. Jani moja zuri linaweza kukupa watoto kadhaa.

Mchanga wa baharini usiguse, hata uuoshe vipi. Chumvi yake haina msamaha.

---

Mdau wa Dar:

Mama naomba kuuliza. Kuna ule mmea wa ofisini wenye majani mazito yanayong'aa, ukisahau kuumwagilia hata mwezi haufi. Duka la maua niliponunua waliniambia umetoka Uholanzi. Na wenyewe unao?

---

Mleta uzi:

Ninao, na duka limekuambia nusu ya ukweli. Huo ni Zamioculcas zamiifolia. Kwao ni ukanda huu wetu wa mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na vichaka vya pwani yetu vimo. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi katikati ya miaka ya 1990, ndipo ukaenea maofisini duniani. Kwa hiyo kopo lako huenda kweli limepanda ndege kutoka Ulaya, lakini asili yake ni vichaka vyetu, ambako watu wanaufyeka wakiandaa shamba la mihogo.

Mimi hili linaniuma kwa dhati. Simlaumu Mholanzi, yeye alifanya kazi: alichukua mmea, akasoma tabia zake, akauzalisha kwa maelfu. Ninachouliza ni kwa nini vijana wetu tunawafundisha kwamba thamani ya mmea ni kuuchimba.

Kuuzalisha si kazi ngumu, ni kazi ya subira. Chukua kijani kimoja kutoka kwenye tawi, kichomeke kwenye mchanga mkavu kiasi, sahau. Kwa wiki nyingi hutaona kitu, na wengi hapo ndipo wanapokitupa. Wakati huo chini kinatengeneza kiazi kidogo. Kiazi kikishanona, huko mbele sana, ndipo chipukizi la kwanza linatoka. Mwaka mzima unaweza kupita kabla hujapata mche wa kuuza. Ndiyo maana ni ghali. Ukiona bei usimlaani muuzaji, amelipa maji na mlinzi wa mwaka mzima.

---

Kijana wa Muheza:

Shikamoo mama. Nina eneo la robo eka karibu na barabara kuu na kisima. Nataka niingie kwenye mimea adimu moja kwa moja, niachane na michungwa kwa sababu kila mtu anauza michungwa. Unanishaurije?

---

Mleta uzi:

Marahaba baba. Usiachane na mchungwa. Kwangu mchungwa na mnazi ndio wanaolipa maji, viriba, neti na mshahara wa vijana wawili wanaonisaidia. Mmea adimu hauna msimu wa kuuzwa. Unaweza kukaa miezi bila mteja hata mmoja, halafu anakuja mtu na gari akabeba meza nzima. Ukitegemea hilo tu utakula mtaji, na njaa ikikushika utaanza kuuza mimea mama. Siku ukiuza mama umefunga kitalu, hata kama geti bado liko wazi.

Anza na aina chache. Chagua mbili tatu unazoziona zinaota vizuri hapo ulipo. Hali ya hewa ya Muheza si ya Amani. Amani iko juu, kama mita 900, ina ukungu na mvua nyingi. Kinachostawi kule kikishuka kwako mwezi wa pili, kaskazi ikivuma na jua limesimama, kinakauka kabla hujakizoea. Jenga banda la makuti kabla ya neti, ni rahisi na linapumua. Chimba shimo la mboji leo, utaihitaji mwakani. Kisima chako yaonje maji yake. Yakiwa na chumvi, vuna ya mvua kwa ajili ya mimea laini.

Na andika. Kila chombo kiwe na kibao: jina, mama yake nani, tarehe uliyosia. Mimi natumia vipande vya kopo la bati na msumari wa kuchorea, kwa sababu wino wa kalamu unafutika masika moja tu. Mteja wa mmea adimu halipii mmea peke yake, analipia uhakika kwamba unajua ulikotoka.

Halafu zungushia ua imara. Kuna watu waliwahi kuniingilia usiku na kung'oa Encephalartos wangu wakubwa wawili. Nilitoa taarifa panapohusika, mimea ile sikuwahi kuiona tena. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko wanangu. Sasa wakubwa wako ndani kabisa, karibu na dirisha ninapolala.

---

Mdau wa Dar:

Pole sana mama. Huyo Encephalartos ni nini hasa mpaka watu waibe?

---

Mleta uzi:

Asante mwanangu. Ni mmea wa kale mno, ukoo wake ulikuwepo kabla dunia haijawa na maua. Una shina nene na majani marefu kama makuti yenye miiba. Wa kwetu pwani ni Encephalartos hildebrandtii, unapatikana Tanzania na Kenya. Unakua taratibu sana, na wakusanyaji wa nje wanalipa pesa nyingi kwa shina kubwa, ndiyo maana wezi wanautaka. Jamii yote ya Encephalartos iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani biashara ya kimataifa ya walioporwa porini ni marufuku.

Nieleze kazi yake maana ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kuna mmea dume na mmea jike, kila mmoja mbali. Dume anatoa koni, kama bunzi lenye magamba, yenye vumbi la manjano la uzazi, jike anatoa koni nene zaidi. Porini wanaobeba vumbi ni wadudu wadogo jamii ya fukusi. Kwangu fukusi hao hawapo, kwa hiyo mimi ndiye fukusi. Koni dume ikikomaa naikung'uta juu ya gazeti, nachekecha vumbi, nalikausha, nalitia kwenye kichupa na kuliweka kwenye friji hadi jike awe tayari. Jike naye ana siku zake chache tu, magamba ya koni yanaachana kidogo, upana wa kupitisha ukucha. Asubuhi naingiza mrija mwembamba kwenye nafasi ile na kupuliza vumbi ndani, napanda juu, nashuka chini, nazunguka koni yote. Kesho narudia.

Koni ikija kupasuka zinatoka mbegu zenye nyama ya rangi kali. Nyama hiyo vaa glavu unapoitoa, ina sumu, na mbuzi na watoto wasikaribie. Mbegu iliyovunwa leo haioti leo. Kijusi ndani yake bado hakijakomaa, kwa hiyo naihifadhi kivulini miezi kadhaa ndipo naisia, imelala ubavu, nusu juu nusu chini. Mche wenye jani moja tu unaweza kukaa hivyo muda mrefu ukijenga mzizi. Mteja wangu mmoja alinunua mche kama huo siku mwanawe alipozaliwa. Mtoto sasa yuko sekondari, na mmea umemfika kiunoni.

---

Mdau wa Tanga mjini:

Dada, heshima yako. Mimi nataka kujua upande wa sheria. Mtu akiagiza kutoka nje unafanyaje? Nimesikia vibali ni mlolongo.

---

Mleta uzi:

Ni mlolongo kweli kaka, lakini una maana, na nikueleze unavyokwenda.

Kwanza chanzo. Msitu wa hifadhi si duka. Amani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 1997, na kutoa mmea humo bila kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu, ni kosa. Hata mbegu ninazotaka kuanzia naziomba kwa maandishi, na nyingine nazipata kwenye miti iliyoko mashambani kwa watu, tunakubaliana na mwenye shamba.

Pili, mmea ukivuka mpaka unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea. Wanakagua wadudu na magonjwa, na nchi nyingi hazipokei udongo, kwa hiyo naosha mizizi yote mpaka ibaki mitupu. Hapo ndipo wale wadudu weupe wenye ungaunga wanapokuumbua, maana wanajificha kwenye mizizi na kwenye makwapa ya majani.

Tatu, kama mmea uko kwenye orodha ya CITES unahitaji kibali chake. Okidi zote zimo, mishubiri karibu yote imo isipokuwa ule wa kawaida wa vipodozi, Encephalartos ndiyo usiseme. Waliozalishwa kitaluni wana utaratibu wao, na hapo ndipo vibao vyangu vya bati na daftari vinapokuwa na thamani: naonyesha mama, tarehe, kizazi.

Uchungu uko kwenye usafirishaji. Niliwahi kuandaa sanduku, vibali vyote vimekamilika, wakala akaliacha juani mchana kutwa. Mimea ilifika imepikika. Siku hizi nafunga kwa karatasi zenye unyevu kidogo, natoboa sanduku pande zote, na naondoka na basi la alfajiri pale Kange nikiwa nalo mapajani. Ukweli, wateja wangu wengi ni wa humu humu nchini: hoteli za Pangani na Bagamoyo, shule, na watu wa Arusha na Dar wenye bustani. Hao wananitosha.

---

Mdau wa Lushoto:

Mama hongera sana. Huku kwetu watu wanauliza sana miche ya msambu, mbegu tunazo lakini haioti. Na ule mti wa maua makubwa meupe wa misitu ya chini, Gigasiphon, umewahi kuupata?

---

Mleta uzi:

Msambu, Allanblackia stuhlmannii, umewashinda wengi. Mbegu yake ina mafuta mazuri ya kula na viwanda vinayataka, lakini kuota kwake ni kwa hiari yake. Inaweza kukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka ukapita, na nyingine inaota wakati umeshapanda kitu kingine juu yake. Usiache mbegu ikauke, hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Itoe kwenye tunda, ioshe, isie siku hiyo hiyo kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Ukiona miche imeota yenyewe chini ya mti shambani kwa mtu, ongea naye akuruhusu kuihamishia kwenye viriba ikiwa bado na majani machache. Na msambu nao una dume na jike, kwa hiyo usipande mmoja ukasubiri tunda.

Gigasiphon macrosiphon ninao, miche michache kutoka kwa mti ulioko shambani kwa mzee mmoja upande wa Zigi. Huo ni adimu kweli, duniani kote umebaki sehemu chache za Kenya na Tanzania. Mbegu ni kubwa, inaota vizuri ikiwa mbichi, tatizo ni kuiwahi kabla ya panya na nyani. Siuzi bado. Kwanza nataka ipandwe kwenye mashamba ya watu kando ya mto, maana maji ya bomba tunayokunywa Tanga mjini yanatoka Mto Zigi, bwawa la Mabayani, na mto huo unatoka kwenye misitu hiyo hiyo. Yeyote mwenye shamba kandokando ya Zigi aje, nitampa mche bure, sharti langu aniruhusu kuja kuutazama na siku ukizaa tugawane mbegu.

Na wewe wa Lushoto, una bahati, mna herbaria ya TAFORI hapo mjini, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya taasisi ya utafiti wa misitu. Ukiwa na mmea usioujua, bana tawi lenye ua au tunda kwenye gazeti, likauke, wapelekee. Watakuambia jina. Bila jina sahihi huwezi kuuza mmea adimu, na huwezi hata kujua kama unaruhusiwa.

Kwa wote wanaopanga kuja: masika ikianza napunguza kuuza kwa sababu ndio wakati wa kusia na kuhamisha. Njooni baada ya mvua kubwa kupita, miche itakuwa imeshika mizizi. Mwenye mbegu ya kunibadilishia aifunge kwenye karatasi, si kwenye nailoni, aandike mti umesimama wapi, kwenye shamba la nani, na ameiokota tarehe ngapi.